Mayai Sita ya Baba

Matisi, Jumanne, Agosti 2007

Mayai yote sita niliyomnunulia Baba! Shangazi amewakaangia wageni wa kanisa, Baba akapewa chai ya rangi.

Juzi daktari alimshika Baba paja mbele yetu. Akasema saratani ya tumbo imemmaliza nyama za mwili, na asipozirudisha hata kidogo hataweza upasuaji. Ale mayai, anywe maziwa, atembee kila siku. Shangazi, dada yake aliyetoka Chwele kuja kumuuguza, alisikia yote.

Leo nimetoka kazini nikakuta Baba hajainuka kitandani tangu asubuhi.

"Mgonjwa ni wa kulala," Shangazi akasema. "Na wageni si lazima wakule?"

"Shangazi, unamuua!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo.

Baba ndiye aliyeninyamazisha. "Wacha dada yangu. Ni mimi nilisema wapikiwe. Ati watu watoke kwangu na njaa?"

Nimekasirika hata sasa.

Siku moja watu watasimama mazishini wamsifu kwa ukarimu wake. Mimi sitaki asifiwe. Nataka aishi.