Ukuta wa Kuni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye baridi ya mwaka huu ilimtafuta sana isimpate. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Lile goti lako linaendeleaje? Liambie mimi ndiye niliyeuliza, litaona haya lipone. Huku sijambo kabisa. Kikohozi ulichosikia kwenye simu mwezi jana kilikuwa cha paka.

Uliniuliza kama kuni zitanitosha mpaka joto lirudi. Dada, swali hilo angeulizwa mtu mwingine. Lakini kwa kuwa umeuliza, kaa vizuri, maana jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe hukata nikiwa ndiyo kwanza naanza.

Kabla baridi haijaanza, upepo uliung'oa uzio wa mbao uliotenga uani kwangu na kwa jirani. Upepo wenyewe sikusimulii sana, utaniita mwongo. Ila ndoo yangu ya chokaa sijaiona mpaka leo, na dukani wanasema waliiona ikipita. Siku hiyohiyo muuza kuni akaja na lori lake. Mtu mwingine angerundika kuni huku, kisha ahangaike kutafuta mbao za uzio kule. Mimi ni mwashi. Nilimaliza mambo yote mawili kwa mkupuo mmoja: nikazijenga kuni palepale uzio ulipokuwa.

Nilizijenga, dada, sikuzipanga. Nilivuta uzi, nikapima kwa pimamaji, nikapishanisha maungio kama matofali, na kila upenyo nikauziba kwa vijiti. Ukuta ulinipita kimo. Watu walikuja kuutazama. Muuza kuni alisema tangu aanze biashara hii hajaona kuni za kuombewa kibali kabla ya kuwashwa. Nikamwambia atazame vizuri, maana hataona tena.

Kosa nililiona jioni ya kwanza ya baridi. Kuni za watu wengine unachomoa popote. Zangu, kwa ufundi niliouweka, hazikuchomoka. Nilivuta ubavuni, nikavuta chini, nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa mwili mzima. Likatoka gome tu, nami nikakaa kwenye matope. Ukuta wa mwashi hubomolewa kutoka juu, kozi mojamoja, mstari wa juu uishe ndipo uguse unaofuata. Basi nikawa napanda ngazi ili nipate kuni ya kuchemshia chai. Jirani wa mbele akanibandika jina la Mkwezi. Nilimwacha, wivu tu.

Baridi nayo haikuwa ya kitoto. Asubuhi moja nilimwaga masalio ya chai mlangoni, yakafika chini yakiwa yameshika umbo la kikombe, hata mkono wake. Nikazidi kuchoma, ukuta ukazidi kushuka.

Sasa, upande wa pili anakaa mama mmoja fundi cherehani, mjane, aliyehamia mwaka huu. Nilikuwa namjua kwa mlio wa cherehani tu. Ukuta uliposhuka, kwanza nikaona kilemba. Baadaye nikaona miwani. Ulipofika usawa wa mdomo, mdomo wenyewe ulikuwa umejaa pini, kwa hiyo siku hiyo nilizungumza peke yangu na tukaelewana sana. Kesho yake pini alizitoa. Akasema anashukuru kuniona, maana kwa sauti iliyokuwa ikitoka nyuma ya zile kuni alidhani ni mtu mrefu. Akasema pia amekuwa akinisikia nikiwasimulia wapita njia jinsi nilivyodaka tofali lililoanguka kutoka ghorofani, na kwamba mwanzoni lilikuwa tofali moja, baadaye yakawa mawili, na juzi nimedaka toroli. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama baridi haitaisha kabla sijadaka nyumba nzima.

Dada, hakuna mtu aliyewahi kunifuatilia hivyo. Nilirudi ndani nikatia kuni jikoni kuliko zilizohitajika. Jasho likanitoka, nikafungua madirisha, nikaongeza nyingine.

Halafu nikaanza kuona jambo. Ukuta ulikuwa ukishuka kuliko nilivyokuwa nachoma, na mimi nilikuwa nachoma kama tanuru. Nikitia alama ya chaki kozi ya juu jioni, asubuhi alama haipo, na kuni iliyobeba alama haipo. Hesabu zangu unajua ziliishia wapi, mwalimu na mimi tulichoshana mapema, lakini kutoa naweza. Kulikuwa na mwizi, na kwa mwendo ule katikati ya baridi ningebaki na ngazi tu.

Asubuhi moja nikajibanza nyuma ya pipa la maji na kikombe changu cha chai. Sikukaa sana. Akatoka huyohuyo mama, aproni kiunoni, futi ya kupimia shingoni, akaanza kutoa kuni za juu mojamoja, taratibu, bila kuharibu mpango wangu. Nilijitokeza nikiwa na maneno makali tayari. Hakushtuka. Alimalizia ile aliyoishika, akaniambia nipite upande wake nione. Chini ya upenu wake kuni zangu zilikuwa zimepangwa, kavu, hakuna hata moja iliyoonja moto. Yeye hupikia jiko la mafuta ya taa. Aliniambia kwamba kwa mwendo wangu wa kuchoma angeniona kidevu joto likiwa limerudi, na yeye ni mtu wa kazi, hana muda huo.

Mimi ninayejulikana mji mzima kwa mdomo, nilitazama kikombe changu. Nikamwambia chai imepoa. Akasema basi ngoja aipashe moto, akachukua kikombe akaingia ndani.

Tangu hapo mambo yamekwenda vizuri. Ukuta uko magotini, mchana tunaukalia, yeye akishona vifungo na mimi nikisimulia. Akikohoa kidogo najua nimezidisha, narudi nyuma.

Lakini wiki hii muuza kuni alikuja kuuliza habari ya shehena ijayo, kwa kuwa anayetaka kuni zikauke vizuri huagiza mapema. Akauliza kama azishushe palepale ili niinue ukuta mwingine, mrefu zaidi, maana watu bado wanausifu. Alipokuwa anauliza, cherehani ya jirani ikanyamaza. Dada, nimesimama kwenye jukwaa la ghorofa ndefu upepo ukivuma bila kushika kitu. Siku ile nilishikilia ngazi. Nilijua nikisema palepale, nimejizibia mwenyewe. Nikamwambia azipeleke chini ya upenu wa jirani, ni mpana kuliko wangu, na katikati asiache hata kijiti. Akanitazama, akatazama dirisha la jirani, akasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini nilikuwa nachoma kuni madirisha yakiwa wazi. Cherehani ikaanza tena, mbio.

Basi habari yenyewe ndiyo hiyo, na najua umeshaigundua zamani ila umeninyamazia. Mimi niliyekuwa nikikujibu kila mara kwamba nimeshaoa nyumba yangu, sasa nataka kuoa mtu. Nilimwambia mwenyewe, kwa maneno machache, na hilo nakuapia si hadithi. Amekubali, kwa sharti moja. Anataka kwanza kukaa na mtu aliyenijua tangu utotoni, wawili tu, mimi nikiwa nje, aulize katika yote niliyomsimulia kweli ni ipi. Nikampendekezea rafiki zangu kadhaa, watu wazuri. Akasema hapana, anamtaka dada yangu mkubwa, yaani wewe.

Kwa hiyo njoo, dada, kabla baridi haijaisha. Niliwaza nikuombe unisitiri, nikaona hapana, mwambie kama ilivyo. Nikipata mke kwa uongo itabidi niukumbuke uongo wote, na kichwa changu unakijua.

Msalimie sana shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba wao ananenepa. Na ukifika usipige hodi kwangu, utajichosha bure. Gonga mlango wa jirani. Mchana huwa nipo huko.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Mwashi