Kengele ya Barafu

Muga, Mama!

Huku Embu kuna joto, hata nikakosa pa kujaribia kifaa changu cha kwanza. Nimekilehemu mwenyewe hapa chuoni, waya kwa waya. Baridi ikikaribia kuwa ya barafu, kinalia. Nikamwomba Mama Wawira wa dukani nikiweke ndani ya friji yake, katikati ya soda. Kilipolia, alitoka mbio akipiga nduru, "Friji yangu inalipuka!" Mimi nilikuwa naruka kwa furaha.

Nikija Timau nitakifunga shambani, kengele iwe dirishani kwako. Kuamka usiku kwenda kupapasa nyasi, ujue kama viazi vitaungua kwa baridi, imetosha. Wewe lala, Mama. Sasa kuna mwingine wa kukesha.

Binti yako, fundi Kendi