Yaya Patient, mashine yako haikukuaibisha: ni miye

Yaya yangu Patient, mukubwa yangu wa tumbo moja,

Usitupe hii karatasi mbele ya kufika ku mwisho. Najua unaweza. Weye muntu wa kukunja uso, miye muntu wa kinywa. Mama anasemaka alituzaa siku mbili zenye hazipatane. Leo sikuandikie juu ya kujisifu. Sawa, kidogo tu: mu quartier yetu ya Hewa Bora yote hakuna mwenye kunishinda football ya manette, ile ya kucheza ku télé, na unajua. Nakuandikia juu ya ile siku ya Mungu mashine yako ilikataa mbele ya bantu. Copie ya hii barua nitaibandika ku mulango ya nyumba, juu quartier yote ilikucheka. Basi quartier yote isome.

Unakumbuka vile uliileta? Ordinateur ya kutupwa ku ba bureau ya mine ya shaba, pande ya Kinsevere, bila kifuniko, vumbi nyekundu ndani. Ulitia Linux, ile système ya bure yenye kila muntu anaweza kufungula na kubadilisha, ukaifunga ku télé ya salon, ukasema: “Mudogo, hii itakuwa console ya michezo, lakini console yenye inatusikia siye.” Nilicheka mpaka nikakaa chini. “Yaya, console inavaaka nguo. Hii yako iko uchi!” Na weye ulicheka, ukaendelea kukaza ba vis.

Mama alikuwa amesema: batoto ya quartier bakipenda mashine, chumba ya mbele iko yako, ufungule nyumba ya michezo. Ulikuwa unangojea hiyo tu. Miye nilikuwa na console yangu, na zamani batoto balikuwa bananizunguka miye. Kisha nikaanza kusikia “Patient, Patient” kila pahali. Iliniuma, Yaya.

Siku moja tu mbele ya maonyesho yako, ile siku ya Mungu ungeonyesha batoto mashine, ulienda ku soko kutafuta câble. Nikawasha mashine, nikajaribu ile football mupya yenye bantu banachezaka ku internet. Ikaandika ku écran: système hii haikubaliwe. Ile mulinzi banatiaka ndani ya muchezo juu ya kufukuza badanganyifu, haitakaka Linux. Michezo ingine yote ilipita, hata ya magari. Ile moja tu, hapana. Nikazima. Nikatoka mu barabara, nikapiga kelele: “Kesho ku kwetu, football mupya, ku mashine ya Yaya!” Sikukosea. Nilijua.

Kesho yake, nyuma ya misa, salon ilijaa mpaka ku mulango. Mama alipika mikate ya mafuta. Ukawasha, na yale maneno yakatoka, makubwa, ku écran yote. Gaby, jirani yetu, njo alianza:

“Patient, hii iko ordinateur ao frigo? Inatoa baridi tu!”

Bote balicheka. Ukanigeukia, polepole.

“Mudogo, jana uliijaribu?”

“Hapana, Yaya.”

Na haikunitosha. Nikasema kwa sauti: “Mulete console yangu, batoto bacheze!” Weye ukakunja ba câble, moja moja. Haikupita hata mwezi, ukaenda Mokambo, kule ku mupaka, kutengeneza ba telephone, na tangu pale hauitikie simu yangu.

Sasa sikia. Mchana moja courant ilikatika, ikarudia na nguvu ya wazimu. Console yangu ikaungua, mashine yako, yenye uliacha ku salon, ikaungua. Fundi akafungula console, akasema: “Champion, hii sanduku haitaki muntu aingie. Piece yake hapa hakuna.” Ya kwako, nilitoa alimentation, ile kisanduku ya kuingiza courant, mu ordinateur ingine ya kufa, nikaifunga miye mwenyewe, miye mwenye niliacha masomo mu deuxième ya secondaire! Ikawaka. Nikakuta umeandika jina yangu pa muchezaji ya pili, na ba boutons yote umeigeuza juu ya mukono yangu ya kushoto. Console, miaka yote, ilinilazimisha kucheza sawa bantu bengine. Tarehe yenye uliandika ile kazi iko siku mbili mbele ya maonyesho.

Batoto bananiuliza: console ao Linux, gani itashinda? Nasikia ku inchi ya inje sasa banauza mashine ya salon yenye Linux ndani, tayari, na kifuniko ya muzuri. Kumbe haukuwa wazimu. Lakini sitakudanganya mara ya pili: ile football ingali inakataa. Na muntu mwenye anatoka ku kazi amechoka, anataka kufinya bouton moja acheze, hataki kusoma mistari ku écran. Pale console inashinda. Siku kintu inaharibika, pale unashinda weye, na huku kwetu bintu inaharibika kila wakati. Hii yote ungeieleza mbele ya bantu kama ningekuambia mapema. Ungebaonyesha magari, bangepiga makofi, chumba ingekuwa yako. Sasa Mama anatia mule mifuko ya bunga ya mahindi.

Mwezi yenye ilipita nilifika Mokambo. Haukujua. Nilisimama ngambo ya barabara, nyuma ya camion, karibu saa muzima. Ulikuwa na tournevis mu mukono, unacheka na client. Nilifikiri nitakuta muntu ya huzuni. Hapana: ulishazoea kuishi bila siye, na hiyo njo iliniuma kupita yote. Nilitaka kuvuka. Hii kinywa yangu, yenye inasumbuaka quartier yote, ilikosa hata “jambo”. Nikapanda bus ya kurudia.

Bakia na afya, Yaya. Ukitaka kunitukana, tukana kwa sauti. Safari hii nitavuka.

Mudogo yako