Kofia ya Aminieli Kwenye Waya wa Mnara

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Aminieli, tangu moyo wako usimame pale pale kwenye kiti chako cha redio, hapa Kimandolu. Chai yako ilikuwa bado ya moto. Hatujazoea.

Tunaukumbuka ucheshi wako, na ukaidi wako pia. Ulipanda mapaa ya majirani kuwatengenezea antena za televisheni, malipo yako yakiwa bakuli la loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, na kusifiwa kidogo. Jioni ulizungumza na watu wa nchi za mbali kwa redio, ukawauliza kama kwao mvua imenyesha, utadhani mnapakana mashamba.

Mkeo Rachel hakuupenda mnara wako ule wa nyuma ya nyumba hata siku moja. Alisema utatuletea msiba. Ulipopanda, yeye alikaa barazani akimenya ndizi, amekupa mgongo. Wewe ulicheka tu, ukaivua kofia yako ya sufu na kuitundika kwenye waya unaoushikilia mnara. Sheria ilikuwa hiyo moja: kofia ikiwa kwenye waya, kuna mtu juu, na asiguse mtu kitu.

Sasa tukusimulie ya siku ya kumbukumbu yako, maana tusipokusimulia sisi utayasikia kwa majirani.

Rafiki zako wa redio, akina Ndesanjo wa Moshi, walipanga kukuita hewani baada ya ibada, kama wafanyavyo kwa mwenzao aliyetangulia. Hulitaja jina lake, kisha hukaa kimya kumwachia nafasi ya kujibu. Lakini redio yako ilikuwa kiziwi. Masika yalikuwa yameingiza maji kwenye kebo, pale inapoungana na antena kileleni. Binti yako Eunike alikataa katakata kuita fundi. Asubuhi alivaa mkanda wako wa kupandia, akaitundika kofia yako kwenye waya, akapanda.

Mdogo wako Yona akafika kutoka Akeri pamoja na mafundi wa turubai. Sheria yako hakuwahi kuisikia. Alipoiona kofia machozi yalimtoka. Kofia ya kaka yake ining'inie nje kama tambara, siku kama hiyo! Akaichukua kwa mikono miwili, akaipeleka ndani ikakae kando ya picha yako. Lilikuwa tendo la upendo, Aminieli, na nusura liturudishe makaburini.

Nyuma yake, fundi mmoja, Bariki, aliona waya umekatiza mahali pa kusimamisha nguzo ya turubai. Waya hauna kofia, hauna chochote. Akaanza kuilegeza skrubu yake ya kukazia.

Juu, Eunike alikuwa amekwisha kukata kipande cha kebo kilichooza na kufunga kiungo kipya. Upepo wa mlimani anaujua: huusukuma mnara, mnara ukarudi. Safari hii ulikwenda na haukurudi. Aliliona bati la jirani likisogea chini ya viatu vyake. Akaukumbatia mnara kwa mikono na miguu, akafumba macho.

Ndani, Yona alikuwa akimkabidhi Rachel kofia.

“Shemeji, pole. Nimeikuta nje, nikaona si heshima.”

“Nje wapi?”

“Kwenye ule waya wa…”

Rachel hakungoja amalize. Aliangusha kisu na ndizi, akatoka mbio.

“Wewe, acha! Mwanangu yuko juu!”

Bariki aligeuka, rangi imemtoka. Skrubu ilikuwa imebakiza mizunguko michache tu.

“Samahani, mama, mimi sikujua kama…”

“Samahani baadaye! Shika!”

Rachel mwenyewe akaushika waya kwa viganja vitupu, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Yona akaja akashika nyuma yake, akimwita Yesu kwa Kimeru.

“Eunike! Usishuke! Nimeushika!”

“Mama? Ni wewe?”

“Ni mimi. Kumbatia, tulia, waachie walio chini wafanye kazi.” Kisha akamgeukia Bariki. “Kaza pole pole. Angalia mnara, usiangalie mkono wako.”

Hayo yalikuwa maneno yako uliyokuwa ukimfundishia Eunike, hakuongeza wala kupunguza. Miaka yote ile tulidhani amekupa mgongo, kumbe masikio alikuwa amekuachia wewe.

Mnara ukanyooka, kidogo kidogo, nasi tukapumua.

“Shuka sasa, mwanangu, shuka!” Yona alilia.

“Bado tepu, baba mdogo,” Eunike akajibu, naye analia. Akaizungusha tepu kuanzia chini kwenda juu, kama ulivyomfundisha, ili maji ya mvua yateleze yasiingie. Ndipo akashuka. Rachel alimchapa kofi la bega, kisha akamkumbatia, na viganja vyake vikaacha damu kwenye koti la mtoto.

Baada ya ibada, redio ilisikia. Ndesanjo alilitaja jina lako, na wote wakanyamaza kukungoja. Kimya kile kilituuma. Rachel, ambaye hakuwahi kuigusa redio yako, akamnyang'anya Eunike kipaza sauti kwa mkono uliofungwa bandeji.

“Aminieli hayupo,” alisema. “Mimi ni mkewe. Mkimpata, mwambieni kwamba mtoto ameshuka salama.”

Unakumbukwa na mkeo Rachel. Binti yako Eunike. Mdogo wako Yona, ambaye sisi tumemsamehe lakini yeye bado hajajisamehe. Na ndugu wote wa Akeri na Kimandolu. Kofia yako sasa iko kwenye msumari wa mlango wa nyuma, na kila mgeni huambiwa sheria yake kabla ya kupewa kiti. Eunike akipanda, anayeitundika ni Rachel. Kisha husimama chini, uso ameuelekeza juu, mpaka mtoto ashuke.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.