Kahawa ya Usharika

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo chumba kimejaa tangu asubuhi. Nilikaanga buni mwenyewe, moshi ukatoka mpaka barabarani, na harufu ikawaleta. Mzee Uweso wa kwanza, kama kawaida, redio kwapani. Shikamoo, marahaba — halafu moja kwa moja akaanza ubishi na vijana wa bodaboda kuhusu bandari. Manesi waliotoka zamu wakajibana kwenye benchi la ukutani. Waislamu, Wakristo, wote magoti kwa magoti, kashata inapita mkono kwa mkono. Ndivyo nilivyotaka!

Hapa palikuwa stoo ya mabenchi mabovu ya usharika. Nilipowaomba wazee wa kanisa wanipe, waliona ni mjane tu anatafuta pa kupotezea siku. Sasa wanaita "huduma". Haya.

Mwinjilisti Hosea alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Ati kahawa inanyweka, je, Neno? Ati wazee wanauliza matunda. Nikamwambia, Hosea, watu wa Nguvumali hii wanakuja kulia humu, wanatoka wamejifuta uso. Hayo si matunda? Akacheka. Ana kicheko cha mtu anayekusubiri umalize.

Anataka kuchora mstari wa Biblia ukutani, uonekane toka barabarani. Nimekataa. Chumba kizuri ni kile ambacho mtu haulizwi kitu mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwanasiti alikuja mchana, wengine wameshatoka. Anauza vitumbua Ngamiani. Mwezi wa tatu alimzika Hafsa, binti yake wa pekee, kwa uzazi. Kitoto kilibaki. Anakilea yeye; baba yake, Nasri, yuko kazini kutwa. Leo alikuja nacho mgongoni, akanipa nikipakate. Kizito! Kina macho ya kukushtaki.

Kikombe cha kwanza alikimaliza. Cha pili akasema, anakitazama kikombe chenyewe: "Mama Tadeo, mie tangu nimzike Hafsa sijaswali. Natandika msala, nasimama, maneno hayaji. Naukunja. Usimwambie mtu."

Nilimshika mkono. Sikumtajia Yesu. Sikumtajia mtu. Tulikaa tu, kitoto kinanikoromea kifuani.

Jioni Hosea akaja kuchukua funguo za ukumbi, akaniona macho. Kuna nini, mama? Nikamwambia. Yote — jina, Hafsa, msala. Tumwombee, nikasema. Alivua kofia, akaomba vizuri, kwa upole. Nilijisikia nimetua mzigo.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji yuko safari. Hosea kahubiri.

Kasema kuna mama Mwislamu, muuza vitumbua wa Ngamiani, mama wa marehemu Hafsa — ameacha swala zake! Yuko mlangoni pa wokovu! Na kilichomfikisha ni kahawa ya usharika huu! Watu wakapiga makofi. Vigelegele. Kisha: "Mama Tadeo asimame tumwone!"

Nikasimama.

Nimesimama! Ningeweza kukaa. Ningeweza kupiga kelele. Miguu ilinyooka yenyewe kama ya mtoto wa shule aliyeitwa jina, na nadhani nilitabasamu. Vijana wa kwaya walikuwa wameinua simu wanarekodi.

Jumatatu, 11 Agosti

Video iko kwenye makundi yote ya wasap. Imefika Ngamiani jana hiyohiyo.

Nimekaanga buni. Hakuja mtu. Wale vijana wa bodaboda wameegesha upande wa pili, wamenipa mgongo. Nesi mmoja alichungulia, akasema ana haraka.

Mzee Uweso alikuja, hakukaa. Nikamwamkia, akaitika. Akasema: "Kahawa yako nzuri, Mama Tadeo. Sikujua ina ndoana ndani." Akaondoka polepole. Nilitaka kumfuata. Ningemwambia nini?

Kahawa nimeimwaga uani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Ngamiani. Mwanasiti yuko kibarazani kwake, jiko halijawashwa, unga hajaukanda. Kamba ya nepi tupu.

Nasri amemchukua mtoto. Alikuja na mama yake na mjomba. Wamesema ameritadi, mtoto wa Kiislamu hawezi kulelewa hapo. Mwanasiti akaapa mbele yao kwamba hajaingia kanisa lolote. Wakamuuliza: je, unaswali? Akashindwa kusema uongo.

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akaniambia inuka, watu wanatazama, watasema unanibatiza. Halafu akasema, bila ukali: "Nilikwambia wewe. Sikuliambia kanisa lako."

Angenitukana! Angenimwagia maji. Badala yake alinisogezea kigoda nikae.

Ijumaa, 15 Agosti

Chumbageni, kwa Hosea. Alikuwa ananyoosha shati, ana furaha. Nikamwambia: twende kwa Nasri, ukaseme mbele yao kwamba ulidanganya.

"Nilidanganya nini, mama? Kwani anaswali?"

Akaendelea kunyoosha kola, huku na huku. Ati mtu akikaribia nuru lazima atikiswe. Ati kama jamaa zake wamemfukuza, ndiyo nafasi yetu ya kumpokea.

Mtoto je, Hosea?

Ati Bwana atafungua njia.

Nilisema nilikwambia ili tuombe. Akashangaa kabisa, na ndicho kilichonitia baridi — hakuigiza. "Si nimeomba? Nimeomba na usharika mzima!"

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Tangu nimzike Baba Tadeo sijawahi kukosa.

Mzee wa kanisa mmoja alipita baada ya ibada. Kwa heshima nyingi: nipumzike kidogo, chumba kitashikwa na Hosea na vijana. Kimeshachorwa mstari. Nilikwenda kuuona. Rangi ya bluu, herufi kubwa. Neno la mwisho limekosa nafasi, limepinda na kona ya ukuta. Vijana wa kwaya walikuwa ndani peke yao, wanakunywa soda.

Nina hasira na Mungu? Sijui. Nina hasira na makofi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemfuata Mzee Uweso msikitini kwao, nikamngoja nje upande wa kina mama, watu wakipita wananitazama. Shikamoo. Marahaba — akiangalia pengine. Nikamwomba anipeleke kwa mama yake Nasri. Wewe wanakusikiliza, baba.

Akavaa viatu vyake taratibu. Kisha: "Kwa ajili yako sitakwenda. Kwa ajili ya kile kitoto, nitakwenda."

Imetosha.

Jumanne, 19 Agosti

Tumekwenda. Mama Nasri ni mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hana papara. Kampa Mzee Uweso kiti, mimi mkeka. Ndani nilisikia kitoto kinalia, kilio cha kuchoka.

Nikaeleza yote. Kwamba Mwanasiti hajaingia dini yetu. Kwamba alikuwa na huzuni, akanieleza siri ya huzuni yake, na mimi nikaitoa. Kosa ni langu na la Hosea, si lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Ulimwambia aingie dini yenu?"

Hapana.

"Lakini ulitaka?"

Mwe! Mzee Uweso akageuka kunitazama. Ningeweza kusema la. Kulikuwa na mtoto ndani analia, na "la" moja tu ingemrudisha, labda. Lakini ninavyoujua moyo wangu! Kila ninapommiminia mtu kahawa pale, kuna kitu nakitumaini. Sikisemi. Nakimimina pamoja nayo.

"Nilitaka," nikasema. "Sikumwambia, lakini nilitaka."

"Basi huyo Hosea wako kasema kwa sauti ulichokuwa wewe umekinyamazia."

Hapo ndipo niliposhindwa kulia hata kidogo. Nilikaa kama gunia.

Mzee Uweso akakohoa. Akasema, taratibu, kwamba miezi yote ameketi kwa huyu mama, wala hajawahi kusikia neno la dini likitoka kinywani mwake, zaidi ya kumuuliza mtu hali ya mgonjwa wake. Na kwamba mtu anayeshindwa kuswali kwa msiba aombewe dua, hanyang'anywi mjukuu.

Mama Nasri akatazama mlango ule kinakolia kitoto. Hakikubali maziwa ya kopo, akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alhamisi Nasri anakwenda Pangani kikazi. Mleteni Mwanasiti amwone mtoto. Nasri hatajua. Na wewe utabaki barazani. Usivuke kizingiti changu."

Nitabaki.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nikiwa barazani kwa Mama Nasri. Nimekuja na daftari kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Mwanasiti yuko ndani. Njiani hakunisemesha. Alitangulia, mimi nyuma, Mzee Uweso katikati yetu kama ukuta. Sasa mzee amekwenda kuswali, nimebaki na viatu vya Mwanasiti mlangoni. Amevivua kwa haraka, kimoja kimelala ubavu.

Kitoto kililia alipoingia. Kisha kikanyamaza ghafla, kama mtu aliyefikiwa. Nimesikia Mwanasiti anaimba kitu, sauti imekwama, anaanza tena. Halafu nikasikia kitu cha kukunjuliwa, kama mkeka au msala, na hatua za miguu ya watu wawili.

Sijui wanafanya nini. Dirisha liko wazi hapa begani kwangu, nikigeuza shingo tu nitaona. Sigeuzi.

Mazoea yangu ni kuomba kwa saa kama hii. Maneno yalishaanza kuja — Bwana, mtazame mtumishi wako Mwanasiti — nikayakata. Leo hata Mungu simwambii habari zake. Atamwambia mwenyewe, akitaka. Kwa jina atakalotaka.

Pikipiki imeingia uchochoroni. Imezimwa.

Ni Nasri. Hakwenda Pangani, au amerudi. Anavua kofia ngumu, ameniona, ameona viatu. Ndani kumeanza sauti ya Mwanasiti — si wimbo. Maneno ya Kiarabu, ya taratibu, moja baada ya jingine. Nasri amesimama, ametega sikio. Mkono wake uko kwenye mlango, ananiuliza kwa macho ni nani huyo. Nafunga daftari; si mimi wa kumwambia.