Nililiita Guni

Alhamisi, Machakos. Ukungu haujaondoka vilima vya Iveti tangu asubuhi. Vidole vyangu ni baridi, ingawa sidhani ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Mhadhiri wetu, Dkt. Mutua, amerudisha insha kuhusu ule utenzi wa kale wa Kiingereza, wa malaika aliyeasi akatupwa kutoka mbinguni. Yangu haina alama. Pembeni ameandika: Njoo uusome utenzi mbele ya wenzako.

Nikiifeli insha hii nitaondolewa katika Fasihi ya Kiingereza na kupelekwa Jiografia. Nilikuja chuo hiki kwa ajili ya Fasihi tu.

Kosa langu ni neno moja. Nimelelewa na tenzi za Kiswahili. Shule ya upili tulikuwa tukigonga dawati tukihesabu mizani, nane kila mshororo, na sikuwa na mpinzani. Kwa hiyo wiki jana, mara yangu ya kwanza kufungua utenzi wa Kiingereza, niligonga meza. Kumi. Kumi. Kumi. Nikatafuta vina. Havikuwepo. Mtunzi angetaka shairi huru, nilijiambia, angeacha mizani pia. Nikaandika kwamba mtunzi ameshindwa na arudhi: hili ni shairi guni, lina kasoro.

Nilikuwa nimesoma kurasa tatu.

Leo nilisimama nikausoma ukurasa mmoja wa utenzi huo, nikitua mwisho wa kila mshororo kama tulivyofunzwa, hata pale sentensi ilipokuwa haijaisha. Rafiki yangu Ndinda hakungoja nimalize.

"Mwende, unafunga duka na wateja bado wako ndani."

Darasa zima likacheka. Hata mimi ningecheka, kama nisingekuwa mimi niliyesimama.

Dkt. Mutua hakucheka. Aliuliza malaika yuko wapi katika sentensi hiyo. Nikamwambia anaanguka.

"Sasa mbona unamshikilia hewani? Mwache aanguke."

Nikaanza upya, bila kutua. Mshororo ukamwagikia mwingine, na huo mwingine, sentensi haikupata sakafu, pumzi ikaniishia kabla ya nukta. Nikaketi bila ruhusa.

Ndinda huisoma blogu hii, lakini acha niseme ukweli. Sikuliita guni kwa sababu ya vina. Niliogopa. Kila mtu alilisifu nami sikulielewa, nikaona heri niliumbue kabla halijaniumbua.

Nimepewa hadi Jumatatu niandike upya. Naweza kuandika insha salama ya kusifu, nikapita. Au niandike jinsi sikio lililozoea tenzi linavyosikia mtu akianguka pasipo kina cha kumdaka. Hiyo Daktari anaweza kuikataa.

Jioni hii nimemwandikia kwamba nimechagua ya pili, na kwamba naomba kuusoma ukurasa ule tena mbele ya darasa. Nilikaa nikitazama simu mpaka chai ikapoa.

Akajibu: "Soma kurasa mbili."

Nimesema sawa. Kisha nimeufungua ukurasa wa pili.