Ngoma ya Mkono Mmoja

4 Machi

Mpwa wangu msomi,

Salamu nyingi, zibebe kwa awamu. Hujambo huko masomoni? Mimi mzima nusu. Kulia nadunda, kushoto tangu nipooze kumegoma. Mkono unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Jumamosi ya tarehe 17 wenzangu wa bendi wanakuja kuchukua ngoma yangu, nimewapa. Ngoma ya mkono mmoja ni kubisha hodi tu.

Mjomba wako,
Bingwa wa Ngozi

7 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole sana. Mkaza mjomba anaendeleaje? Tafadhali, usiitoe ngoma kabla hujajaribu hili. Tunafundishwa kutunga muziki kwa hesabu. Chora uso wa saa. Kila namba ni nafasi ya pigo. Sheria ni moja: ukipiga kwenye namba, inayotazamana nayo uiache kimya. Ukipiga tatu, tisa inyamaze. Chagua sita zako, uzunguke nazo kuanzia kumi na mbili bila kukoma. Mtu wa pili apige mdundo huohuo, ila aanze wewe ukifika sita. Hamtagongana kamwe, wala halitabaki pengo.

Mpwa wako

10 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mimi na hesabu tuliachana darasa la tano, na yeye ndiye aliyeniacha. Nimezunguka miji, nimepigia harusi mpaka za mabwana waliotoroka, lakini uongo mtamu kama huu sijausikia! Barua nimemsomea kwa sauti Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani mke wangu, ajue nina mpwa msomi. Akaguna. Saa nimeichora kwa chaki juu ya ngozi. Nimechagua kumi na mbili, mbili, tatu, tano, saba, kumi. Nashinda nayo, inachechemea vizuri. Ila mtu wa pili nimtoe wapi?

Mjomba wako

20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mzima kweli? Jumamosi imepita na wewe kimya. Ngoma imekwenda?

Mpwa wako

26 Machi

Mpwa wangu,

Nilikosa maneno. Mimi! Muulize yeyote anayenifahamu.

Bendi walikuja. Nikawaambia, kunyweni chai, niiage ngoma. Nikaanza mdundo wangu. Nilipofika sita, nikasikia pigo nyuma yangu. Waziri, amesimama mlangoni, anapiga sinia! Mwanamke hajawahi kupiga ngoma hata kwa bahati mbaya. Wiki nzima amenisikia, mdundo umemwingia bila hodi. Na sehemu yake hakufundishwa, maana sehemu yake ni ileile yangu!

Kila niliponyamaza, alikuwepo. Kila nilipopiga, alinipisha. Miaka thelathini tunagongana humu ndani, jikoni, mlangoni, kwenye maneno. Siku ile hatukugongana hata mara moja. Nywele zilinisimama, na unajua nimebakiwa na chache. Nani aliipanga saa hivyo, mpwa wangu, kabla sisi hatujazaliwa?

Bendi waliacha chai ikapoa, wakaondoka mikono mitupu.

Kushoto bado ni soksi. Na nilichokuandikia hakikuwa kosa: mkono mmoja ni kubisha hodi. Ila sikuwa nimewahi kusikia mtu akiitikia, “Karibu!”

Mjomba wako,
Nusu Bendi